Ermini: kinyama kisichofika nusu kilo kilichowavalisha wafalme wa Ulaya

Kiranja Mstaafu

Wakuu, habari za muda huu.

Mliofuatilia kutawazwa kwa Mfalme Charles III pale Westminster Abbey, tarehe 6 Mei 2023, mtalikumbuka lile joho jekundu la mahameli lililobebwa nyuma yake na vijana. Pindoni lina manyoya meupe yenye vidoa vyeusi. Nimeshasikia watu wakiapa kwamba ni chui wa theluji, wengine wakasema ni pamba iliyotiwa wino. Ni ngozi ya ermini, na vile vidoa vyeusi asili yake ni ncha za mikia. Mkia mmoja, mnyama mmoja.

Nimefungua uzi huu kwa sababu huyo mnyama anavyoishi porini na anavyosifiwa ikulu ni mambo mawili yasiyojuana. Kaeni mkao wa kula, nitashusha vipande vipande. Maswali ruksa.

Tuanze na ukoo. Ermini ni ndugu wa nyegere, wa fisi maji na wa huyu kicheche wetu anayenuka. Ubabe wa nyegere mnaujua. Sasa ubabe ule ule utie kwenye mwili mrefu mwembamba kama mpini wa mwiko, miguu mifupi, shingo nene sawa na kichwa. Dume mkubwa ana gramu 300 na kitu, jike ni mdogo zaidi, pengine nusu ya dume. Anaishi Ulaya, Asia ya kaskazini mpaka Japani, na Amerika ya Kaskazini hadi Greenland. Mwaka 2021 wataalamu walimgawa katika spishi tatu, lakini hayo ya majina yasitucheleweshe.

Umbo lile lina gharama zake. Mwili mwembamba hupoteza joto haraka na hauna pa kuweka akiba ya mafuta, kwa hiyo ermini lazima ale mara kadhaa kwa siku, mchana na usiku, hata theluji ikiwa imefunika kila kitu. Faida yake ni kwamba anapenya kwenye tundu la panya. Anamfuata chini ya theluji mpaka chumbani kwake, anamng'ata kisogoni, anamla, kisha analala kwenye kiota kile kile cha marehemu na kukitandika kwa manyoya ya marehemu. Sungura aliyemzidi uzito mara kadhaa naye anaangushwa kwa kisogo hicho hicho. Akiwakuta windo wengi pamoja anaua kuliko anavyoweza kula, ziada anaificha.

Hilo la kula mara kadhaa kwa siku liwekeni akilini. Tutalihitaji mbele.

Toroli

Nimeshavuta kiti mkuu. Swali la kizembe: huo weupe ni wa kuzaliwa au anageuka? Na kama anageuka, nani anamwambia kwamba msimu umefika?

Kiranja Mstaafu

Toroli, hilo si la kizembe hata kidogo, ndilo kiini cha mambo.

Kiangazi cha kaskazini ermini ni kahawia mgongoni, tumbo jeupe lenye umanjano kidogo. Majira ya baridi yakikaribia, manyoya ya kahawia yanapukutika na mengine yanaota, mazito zaidi na meupe pe. Vuli weupe huanzia tumboni, ukapanda ubavuni, mgongo na kichwa vikamalizia. Masika mambo yanageuka: kahawia inaanzia juu, kichwani na mgongoni, inateremka. Kwa hiyo kuna wiki ambazo mnyama anaonekana nusu kwa nusu, kama fundi aliyekimbia kazi katikati.

Anayemwambia msimu umefika ni mwanga. Usiku ukirefuka, jicho linapeleka habari kwenye ubongo, tezi ndogo humo inamwaga homoni ya melatonini kwa muda mrefu zaidi kila usiku, na melatonini nayo inapunguza homoni nyingine inayoitwa prolaktini. Prolaktini ikishuka, nywele mpya zinaota bila rangi. Mwaka 1969 watafiti wawili, Rust na Meyer, walichapisha jaribio zuri: waliwapa melatonini madume wakati wa masika, wakati ambao kwa kawaida wangekuwa wanageuka kahawia. Wakaota manyoya meupe. Jua linasema masika, damu inasema baridi, na manyoya yakaitii damu.

Baridi yenyewe ina mchango, inaharakisha au kuchelewesha, lakini amri inatoka kwenye urefu wa siku na kwenye urithi. Ndiyo maana ermini wa milima ya Scotland hugeuka weupe kabisa wakati jamaa zao wa kusini mwa Uingereza wengi wanabaki kahawia mwaka mzima, na wa katikati wanaishia na mabaka.

Ncha ya mkia haibadiliki. Iwe kiangazi, iwe baridi, ni nyeusi tii.

Mbeba Boksi

Nathibitisha kutoka huku Norway ya kaskazini. Nilipohamia nilidhani ni panya mkubwa. Wenyeji wanampenda, wanasema akiweka makazi kwenye lundo lako la kuni basi panya umeachana nao. Wakati wa theluji humwoni yeye, unaona kitu cheusi kidogo kinarukaruka peke yake juu ya weupe. Ukishazoea ndipo jicho linamchora mnyama mzima mbele ya kile cheusi.

Mnyalukolo Asili

Hapo ndipo sielewi. Kama weupe ni wa kujificha, hicho cheusi cha nini? Si anajichoma mwenyewe? Mwewe ataona doa tu na kushuka.

Kiranja Mstaafu

Mnyalukolo, umeuliza swali lililoulizwa na mtafiti mmoja wa Marekani, Roger Powell, na mwaka 1982 akachapisha jibu.

Alichukua vipanga waliofunzwa, akatengeneza vinyama vya bandia vyeupe na kuvivuta mbele yao. Vingine havikuwa na doa, vingine doa liliwekwa mgongoni, vingine kwenye ncha ya mkia. Vya mkia mrefu wenye ncha nyeusi ndivyo vilivyowaponyoka vipanga mara nyingi. Ndege anashuka kwa kasi, jicho limenata kwenye cheusi, makucha yanafumba nyuma ya mwili na yanakuta hewa. Doa likiwa mgongoni, anakamatwa. Mkia ukiwa mfupi, doa linakuwa karibu mno na mwili, anakamatwa pia. Na kweli, ermini ana binamu mdogo zaidi mwenye kimkia kifupi, naye hugeuka mweupe huko kaskazini, ila mkia wake hauna cheusi.

Mbeba Boksi ametueleza jambo lile lile kwa macho yake bila maabara.

Sasa shikeni hili: weupe ni wa kutoonekana, cheusi ni cha kumdanganya adui. Kila kitu katika manyoya yale ni hila. Kisha akaja binadamu akayachuna, akayashona pindoni mwa joho ili aonekane na watu wote, na ile hila ya mkia akaifanya alama ya cheo. Mimi hapo ndipo ninapocheka kila mara.

Mkatoliki Asiyelala

Lakini si tuliambiwa ni alama ya usafi wa moyo? Hata Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikuwa na kijoho kifupi cha mabegani cha mahameli mekundu chenye manyoya hayo, na Desemba 2005 alitokea na ile kofia nyekundu yenye ukingo mweupe, watu wakamwita Baba Krismasi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alisikia baridi tu kichwani.

Kiranja Mstaafu

Ndiyo, na Papa Fransisko siku ya kuchaguliwa, 13 Machi 2013, alitoka roshanini na kanzu nyeupe tupu, kijoho cha mabegani akakiacha. Walioelewa mavazi walielewa palepale.

Hiyo habari ya usafi ni ya zamani sana. Hadithi inasema ermini anapenda weupe wake kiasi kwamba akifukuzwa na wawindaji na mbele yake kuna tope, anasimama akamatwe, afe, kuliko kujichafua. Wawindaji eti walizungushia shimo lake matope wakamsubiri. Kutoka hapo ikaja kauli ya Kilatini ya nyumba ya watawala wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa: Potius mori quam foedari, yaani heri kufa kuliko kunajisika.

Leonardo da Vinci aliiandika tena katika madaftari yake, na akaongeza kwamba ermini kwa kiasi chake hula mara moja tu kwa siku.

Mara moja kwa siku! Nimewaambia mliweke akilini. Mnyama ambaye asipokula mara kadhaa anakufa na baridi, anayelala kwenye manyoya ya aliyemla jioni, ndiye kapewa shahada ya kiasi na usafi. Na kuhusu tope, huyu ni mwindaji wa mashimo na mitaro, anaogelea, anapita popote. Na tukitaka kuzungumza usafi wa mwenendo, basi: jike hupandwa kiangazi, mimba inasimama tumboni bila kukua kwa miezi tisa au kumi, inaendelea masika na watoto wanazaliwa baada ya wiki nne hivi. Dume anayemtembelea mama huwapanda na mabinti walio bado kiotani, hawajafumbua macho. Wanaondoka kiota kile wakiwa tayari na mimba ya mwaka ujao. Hiyo ndiyo nembo ya ubikira, wakuu.

Toroli

Mkuu ungetuonya kwanza, nilikuwa nakula.

Dada wa Joho

Mimi kazi yangu ni kushona majoho ya mahafali, nimefika uzini kwa sababu ya kichwa cha habari. Naomba tuongee ufundi. Ngozi ya kinyama cha gramu 300 ni kipande kidogo mno. Joho moja ni ngozi ngapi? Na huko nyuma walijuaje nani avae na nani asivae?

Kiranja Mstaafu

Dada, karibu sana, uzi ulikuwa unakosa fundi.

Mnyama huchunwa mzima kama anavyovuliwa soksi, ngozi inatoka kama mfuko mrefu, mkia unabaki nao. Kisha ngozi zinafunguliwa na kuunganishwa safu kwa safu, nywele zote zikielekea upande mmoja. Mikia inakatwa na kushonwa juu ya ule weupe kwa mpangilio, mmoja mmoja kwa mkono. Katika michoro ya nembo za kikabaila doa hilo likapata umbo lake maalumu, kama mshale wenye nukta tatu juu. Kwa hesabu, fikiria hivi: mwaka 1937, kwa ajili ya kutawazwa kwa George VI, ngozi 50,000 za ermini zilipelekwa Uingereza kutoka Kanada. Elfu hamsini, kwa sherehe moja, maana si mfalme peke yake anayevaa, ni ukumbi mzima wa makabaila.

Na yale majoho mawili aliyovaa Charles mwaka 2023, jekundu la kuingilia na la zambarau la kutokea, ni yale yale ya babu yake ya 1937, yaliyofanyiwa ukarabati. Mkewe Camilla aliingia na joho alilotengenezewa Elizabeth II kwa kutawazwa kwake tarehe 2 Juni 1953, yule aliyeupata umalkia akiwa hapa kwetu Nyeri, kwenye hoteli ya Treetops, Februari 1952.

Kuhusu nani avae: Uingereza ya Edward III ilitunga sheria za mavazi, ya mwaka 1337 na nyingine ya 1363, zikipanga nani avae manyoya gani kwa kadiri ya cheo na mapato. Ermini iliwekwa juu. Wa chini yake walivaa manyoya ya kindi wa kaskazini, ambaye tumbo lake wakati wa baridi nalo ni jeupe, na wa chini zaidi kondoo, sungura, paka.

Ndani ya makabaila wenyewe cheo kilihesabiwa kwa safu za vidoa kwenye kijoho cha mabegani siku ya kutawazwa mfalme. Duke safu nne, markwisi tatu na nusu, earl tatu, vikonti mbili na nusu, baroni mbili. Ukikaa nyuma kanisani huhitaji kumjua mtu, unahesabu mabega tu.

Dada wa Joho

Hiyo safu ya nusu ndiyo imenimaliza. Mtu anapigania nusu mstari wa mikia! Ila nimekuelewa, hata kwetu mteja analeta picha anasema weka mistari mitatu mikononi kama ya daktari wa falsafa wakati yeye ni shahada ya kwanza. Na bila shaka walichakachua.

Kiranja Mstaafu

Walichakachua vizuri tu. Sungura mweupe anashonewa vipande vyeusi, ukiwa mbali hujui. Majoho mengi ya makabaila wa Bunge la Uingereza ni sungura. Kwa hiyo mnyama wa kujificha anaigizwa na mnyama anayeliwa naye. Basi hapo siongezi neno.

Mzee wa Mahakama

Nawasalimu wote. Msisahau majaji. Majaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza joho lao jekundu la sherehe lina manyoya hayo kwa majira ya baridi, hariri kwa kiangazi. Kwetu makoloni tulirithi jekundu na lile wigi la nywele za farasi. Kenya Jaji Mkuu Willy Mutunga aliyaondoa mawigi mwaka 2011, wakalalamika watu ungedhani kaondoa Katiba. Vazi la madaraka ni gumu kuvuliwa kuliko mnavyofikiri vijana.

Bukavu Moja

Jambo ndugu zangu, nawasomea toka Kongo. Mmesahau Bokassa? Desemba 4, 1977, Bangui, mwanajeshi wa zamani wa Ufaransa anajitawaza Mfalme Mkuu wa Afrika ya Kati. Alimwiga Napoleon kitu kwa kitu, taji, kiti cha tai wa dhahabu, na joho refu la mahameli mekundu lenye manyoya ya ermini. Bangui! Joto lile! Sherehe inasemekana ilikula dola milioni 20 hivi katika nchi maskini vile. Septemba 1979 akapinduliwa.

Kiranja Mstaafu

Bukavu, ahsante, nilikuwa namweka kwa baadaye. Ukitazama picha ya Napoleon aliyochorwa na Ingres mwaka 1806 unamwona amezama ndani ya ermini, kichwa tu ndicho kinachoelea juu. Na Napoleon mwenyewe alikuwa anaiga. Yeye hakuwa na damu ya kifalme, kwa hiyo aliyahitaji manyoya yale kuliko yeyote wa Bourbon, ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Tazama na picha ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa iliyochorwa na Rigaud, 1701: yule alizaliwa mrithi wa ufalme, joho kalitupia begani kama hajali, mguu nje, ndani yote ni ermini. Tofauti ya aliyezaliwa nalo na aliyelinunua ipo kwenye namna ya kulivaa. Bokassa alikuwa nakala ya nakala.

Sina Jina Tena

Mnaongea kwa heshima weee. Hawa hawa walifika hapa wakaona wazee wetu wamevaa ngozi ya mbega na chui wakaandika "washenzi". Kumbe kwao mfalme anavaa mikia ya vicheche anaitwa mtukufu. Unafiki mtupu.

Kiranja Mstaafu

Sina Jina, hasira yako ina haki. Nakuongezea kuni: mwishoni mwa karne ya 19 ngozi za mbega zilisafirishwa kwa wingi kutoka Afrika Mashariki na Ethiopia kwenda kupamba mabibi wa Ulaya. Yaani ngozi ile ile aliyovaa mzee wa Kikuyu ikawa ushenzi, ikipanda meli ikawa mitindo.

Ila nisingependa tuishie hapo, kwa sababu ermini haikuwa ya Wazungu peke yao. Pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika, Watlingit, Wahaida na Watsimshian, chifu anapocheza huvaa taji la mbao iliyochongwa, juu lina sharubu za simba wa baharini na ndani yake manyoya laini ya tai yanayopeperuka anapotikisa kichwa, na nyuma linaning'inia pazia la ngozi nzima za ermini, safu juu ya safu, mpaka mgongoni. Kule mnyama hakatwi akawa pindo, unamwona mzima na mkia wake. Wablackfoot wa nyanda walizishona kama mashada kwenye mashati ya watu waliojipatia heshima vitani, na mimi naona wao walimwelewa zaidi: walivaa ukali wake, hawakumsingizia usafi.

Mwaka 1805 chifu wa Washoshone, Cameahwait, alimvisha mvumbuzi wa Kimarekani, Meriwether Lewis, kijoho cha mabegani kilichotajwa kuwa na ngozi 140 za ermini. Lewis, mtu wa jamhuri changa iliyowakataa wafalme, akakipenda mno, akarudi nacho mashariki na akachorwa akiwa amekivaa.

Chandarua

Picha ya yule mwanamke aliyembeba mnyama mweupe, ndiye huyu?

Kiranja Mstaafu

Ndiye. Leonardo, mnamo mwaka 1490, Milano. Mwanamke ni Cecilia Gallerani, kipenzi cha mtawala Ludovico Sforza. Ludovico alikuwa amepewa nishani ya Ermini na mfalme wa Napoli mwaka 1488, kwa hiyo wasomaji wengi wa picha wanasema binti amembeba bwana wake mikononi. Mnyama yule ni mkubwa kuliko ermini wa kweli, musuli zimetuna, makucha nje, anatazama kando kama anayesikia mlango. Kumbukeni mchoraji huyu huyu ndiye aliyeandika habari za kula mara moja kwa siku. Daftari lilinakili ngano, mkono ulichora muuaji. Mimi nauamini mkono.

Picha ipo Kraków, Poland. Wanazi waliipora, gavana wao Hans Frank akaipenda, ikarudi 1946. Desemba 2016 serikali ya Poland iliununua mkusanyo mzima wa familia ya Czartoryski, picha hii ikiwemo, kwa euro milioni 100.

Linganisheni na picha ya Malkia Elizabeth I ya mwaka 1585, ipo Hatfield House. Ermini amepanda mkono wa malkia, shingoni kavishwa taji dogo la dhahabu, na mwili mzima mchoraji kautia madoa meusi. Mnyama hai hana madoa mwilini! Mchoraji alichora joho lenye miguu.

Na Bretagne mpaka leo wanayo. Duke Jean wa Nne alianzisha nishani ya Ermini mwaka 1381, na wanawake nao walipewa, jambo lisilo la kawaida zama zile. Bendera ya sasa ya nyeusi na nyeupe iliyobuniwa miaka ya 1920 ina vidoa 11 vya ermini kwenye pembe. Vijana wanaipeperusha kwenye matamasha ya muziki, wala hakuna anayefikiria mikia.

Mkulima wa Makambako

Huyu mnyama anakula panya, mbona hatuagizi? Panya wametumaliza kwenye mahindi.

Kiranja Mstaafu

Mkulima, tafadhali usithubutu, waulize New Zealand. Wazungu walipeleka sungura kule, sungura wakala malisho, basi miaka ya 1880 wakaleta ermini wale sungura. Wataalamu wa ndege walionya kabla, hawakusikilizwa. Ermini akatazama sungura, akatazama ndege wasiojua kuruka, akachagua kilicho rahisi. Leo ndiye muuaji mkuu wa vifaranga vya kiwi, mmoja wa ndege hao wasioruka, porini. Kifaranga hayuko salama mpaka akaribie kilo moja na aweze kupiga mateke. Nchi ile imejiwekea lengo la kuwamaliza wanyama wawindaji walioletwa ifikapo 2050. Na visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, alionekana mara ya kwanza mwaka 2010, wakaanza kazi ile ile ya mitego na mbwa wa kunusa.

Anayevishwa wafalme London, Orkney anategewa kwenye sanduku.

Dada wa Joho

Na sasa hivi bado wanawachuna kwa ajili ya sherehe?

Kiranja Mstaafu

Biashara ya ngozi ipo ila imepungua sana, na mnyama mwenyewe kidunia hayuko hatarini. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Malkia Elizabeth II nguo zake mpya zitatumia manyoya bandia, za zamani ataendelea kuzivaa. Joho la 1937 limo katika "za zamani".

Tishio jipya ni jingine. Mwanga wa jua haujabadilika, theluji ndiyo imebadilika. Msitu wa Białowieża, Poland, watafiti walichapisha mwaka 2018 habari za yule binamu mdogo: baadhi hugeuka weupe, wengine hubaki kahawia. Siku zenye theluji zimepungua, na weupe wamepungua nazo, kwa kuwa juu ya majani makavu mnyama mweupe anaonekana na kila mwenye macho. Kalenda ya mwili inasema baridi, ardhi inasema bado.

Mnyalukolo Asili

La mwisho mkuu kisha nikalale. Kilimanjaro kuna theluji, Kenya na Rwenzori pia. Mbona hatuna mnyama hata mmoja anayegeuka mweupe?

Kiranja Mstaafu

Kwa sababu hana cha kumwambia ageuke lini. Pale Kilimanjaro, nyuzi tatu kusini ya ikweta, tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa kwa mwaka mzima haifiki nusu saa. Tromsø, huko kwa Mbeba Boksi, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Jicho la ermini pale linapata amri isiyo na utata. La mnyama wa Kibo lingepata nini?

Halafu theluji yetu haina msimu wa kufunika nchi. Ipo kileleni mwaka mzima, au inaanguka usiku na kuyeyuka saa nne asubuhi. Huko juu mchana ni kiangazi na usiku ni baridi, kila siku ya Mungu. Mnyama angetakiwa abadili manyoya mara mbili kwa siku.

Mbeba Boksi

Huku leo saa tisa alasiri ni giza. Yeye yuko nje anawinda, mimi nawahi shifti.